Lifti ya mkasi: kwanini inahangaika ikiwa chini kuliko ikiwa juu

Nenda kwenye duka lolote la zamani Kariakoo asubuhi wakati mwenye duka anafungua, angalia lile geti la chuma la kukunja. Vyuma bapa vimepishana X X X kutoka upande huu mpaka ule, akilivuta linajikusanya pembeni na zile X zinasimama, zinakuwa ndefu na nyembamba, jioni akilirudisha zinalala na kutanuka. Sasa inama uangalie kwa karibu, utaona kwenye nguzo za geti kuna mifereji na ncha za vile vyuma zinapanda na kushuka humo ndani, yaani ncha moja imepigwa riveti haiendi popote, ya pili ndo inateleza. Ukishaona hapo lifti ya mkasi umeshaielewa nusu, maana ni geti lile lile limelazwa ubavu, juu likawekewa bati la kubebea mzigo na chini likawekewa kitu cha kulisukuma.

Nusu ya pili ndo yenye utamu, na wengi hawaelezwi hata na wanaowauzia hizo mashine. Ni hivi: lifti ya mkasi inafanya kazi ngumu kuliko zote pale inapoanza kunyanyuka, ikiwa imelala chini kabisa, sio ikiwa juu. Karibu kila kitu kuhusu hii mashine, bei yake, uzito inaobeba, inavyoharibika, kinaanzia hapo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Saiti mtu akisema "siza" mara nyingi anamaanisha ile yenye matairi na kizimba cha vyuma, inayopandisha mafundi kubadilisha taa au kupaka rangi juu huko. Ni ndugu yake lakini kazi nyingine. Mi naongelea ya mzigo, yaani meza ya kunyanyulia, ile unayoikuta imekaa chini kwenye ghala au kiwandani au imewekwa magurudumu kama troli. Ile ya watu ina X nne, tano, sita zimepandana, inafika mbali ila inabeba kilo 230 hivi, watu wawili na vifaa vyao basi. Ya mzigo mara nyingi ina X moja tu kila upande, inapanda mita moja au karibu na hapo, ila inabeba tani moja, mbili, na zipo zinazobeba zaidi ya hapo sana. Sababu ya tofauti hiyo ipo kwenye zile X, tunafika sasa hivi.

Ukiivua pazia lake unakuta chini fremu ya chuma imefungwa sakafuni kwa bolti. Kila upande kuna mikono miwili iliyopishana na katikati imepigwa pini yenye bushi. Mkono wa kwanza chini umefungwa kwa pini kwenye fremu, juu una rola inayokimbia chini ya jukwaa. Mkono wa pili ni kinyume, juu umefungwa kwa pini kwenye jukwaa, chini una rola inayokimbia kwenye reli ya fremu. Kwahiyo pini zote ziko upande mmoja wa meza na rola zote ziko upande mwingine, hilo lishike maana litaturudia kwenye usalama. Rola zikisogea kuelekea kwenye pini X inasimama na jukwaa linapanda, zikirudi linashuka, na kwa kuwa mikono ina urefu mmoja na ile pini ya katikati iko katikati kweli kweli, jukwaa linabaki limelala sawa njia nzima, hata ndoo ya maji imejaa hadi mdomoni ungeipandisha bila kumwaga.

Haya, tuje kwenye hesabu, ni ndogo tu. Chukua mikono yenye urefu wa mita 1.5, na mzigo pamoja na jukwaa lenyewe ni tani 1, halafu sema tunasukuma rola ya chini moja kwa moja kwa mlalo. Mikono ikiwa imeinuka nyuzi 10 tu kutoka sakafuni, nguvu inayotakiwa ni karibu tani 5.7, kwa mzigo wa tani moja! Ikifika nyuzi 20 inatakiwa 2.75, ikifika 30 inatakiwa 1.7, ikifika 45 inakuwa tani moja sawa na mzigo wenyewe, na ukipita hapo unasukuma kwa nguvu ndogo kuliko mzigo. Ukitaka kujua kwanini, angalia sentimita. Kutoka nyuzi 10 mpaka 20 rola imesogea chini ya sentimita 7, lakini jukwaa limepanda sentimita 25. Umesogeza kidogo mzigo umepanda sana, na hiyo ziada lazima uilipie kwa nguvu, hakuna namna nyingine. Mikono ikiwa imelala kabisa, nyuzi sifuri, hakuna nguvu ya kusukuma kwa mlalo itakayoinyanyua hata ukileta trekta, ndo maana hakuna meza inayolala mpaka ikawa bapa kama karatasi, lazima waache pembe kidogo.

Kama una gari dogo, IST, Vitz, chochote, jeki ya mkasi iko kwenye buti na hili jambo umeshalihisi mkononi. Tairi likiisha upepo gari linakaa chini, jeki inaingia ikiwa bapa, ile mizunguko ya kwanza mpaka mishipa ya shingo inatoka, halafu jeki ikishafanya umbo la almasi mkono unaanza kuwa mwepesi, na watu wanadhani labda grisi imeshapata moto, kumbe ni pembe tu imebadilika.

Sasa rudi kwenye ile tofauti ya mashine mbili. Ukipandanisha X mbili, rola inasogea vile vile lakini jukwaa linapanda mara mbili, kwahiyo nguvu inayotakiwa nayo mara mbili. X tano, mara tano, na hapo hujahesabu uzito wa hiyo mikono yote inayojibeba yenyewe. Ndo maana inayokwenda juu sana inabeba kidogo na inayobeba sana haiendi juu sana. Na ndo maana meza ya kulala chini sana, zile za sentimita 8 au 9 ambazo unapandisha jeki ya paleti (ile troli ya uma ya kubebea paleti, yaani fremu ya mbao inayopangiwa mzigo) kwa kirampu kifupi bila kuchimba shimo, ni ghali kuliko unavyotegemea ukiitazama, mtu anasema mbona hii fupi bei kubwa. Inaanza na pembe ndogo, kwahiyo silinda lazima iwe na nguvu na chuma lazima kiwe kizito.

Wanaozitengeneza wanalijua hili ndo maana mara nyingi hawasukumi rola moja kwa moja. Ukichungulia utaona silinda imewekwa kwa mshazari, chini imeshikwa kwenye fremu au kwenye mkono mmoja na juu inasukuma bomba nene linalounganisha mikono ya pande zote mbili, ili tangu mwanzo iwe na pembe ya kunyanyua na sio kusukuma tu kwa mlalo. Nyingine zina kipande cha chuma chenye mgongo wa mviringo ambacho rola inapanda juu yake mwanzoni tu, ili kuvuka zile nyuzi za mwanzo zenye shida.

Nguvu yenyewe inatoka kwenye mafuta ya haidroliki. Silinda yenye kipenyo cha milimita 80 ndani ina eneo la karibu sentimita 50 za mraba, ukiisukumia mafuta kwa presha ya baa 150 inakupa tani 7 na nusu hivi, na silinda hiyo sio kubwa, unaibeba mkononi. Pampu ni ndogo na mota ni ndogo, inachofanya ni kusukuma mafuta kidogo kidogo kwa presha kubwa, kwahiyo inapanda taratibu, na utaratibu huo mi naupenda maana mzigo hautikisiki. Zile za troli hazina mota kabisa, unakanyaga pedali, kipistoni chembamba kinasukuma mafuta kwenye kipistoni kinene, kwenye mzigo wa kilo 500 mtu mwembamba tu anaunyanyua hadi usawa wa kiuno kwa mguu wake, kukanyaga mara nyingi lakini kila kanyago ni jepesi.

Kushuka hakutumii umeme wa kusukuma. Mota imelala, kinachofunguka ni valvu tu, uzito wa mzigo unakamua mafuta kurudi kwenye tangi, na kuna valvu nyingine ya kubana njia ili lisishuke kama jiwe, iwe ina mzigo au tupu spidi isipishane sana. Umeme ukikatika mzigo ukiwa juu nyingi zina kitufe au skrubu ya kushushia kwa mkono, muulize muuzaji akuonyeshe iko wapi kabla hujalipa. Alafu kuna kavalvu kadogo ambako mi naona ndo kenye thamani kuliko vyote, ka kuzuia kuporomoka. Hosi ikipasuka mafuta yanataka kutoka kwa kasi, kavalvu kanahisi hiyo kasi na kujifunga papo hapo, mzigo unabaki hewani. Lakini kanatakiwa kafungwe kwenye mdomo wa silinda yenyewe. Nimeshaona fundi kabadilisha hosi akakarudishia upande wa pampu kwa sababu nyuzi za kufungia zilikubali, na mashine ikafanya kazi vizuri tu kila siku, ila hosi ingepasuka ingepasukia katikati ya silinda na kavalvu, yaani kangekuwa kanalinda pampu na mzigo unakuja chini.

Basi tuje kwenye kazi zake, na hapa nina ya moyoni. Mashine hii haihamishi mzigo kwenda popote. Foklifti inachukua, inatembea, inaweka kwenye rafu ya juu, inataka njia pana na dereva aliyefundishwa. Meza ya mkasi inafanya kitu kimoja tu, inafuta tofauti ya kimo kati ya mzigo na mahali unapotakiwa kwenda. Ukidharau hicho kitu kimoja basi hujawahi kupakua mzigo.

Fikiria lori limeingia na kontena, sakafu yake iko mita 1.2 mpaka 1.5 kutoka chini, na ghala nyingi kwetu zimejengwa sakafu usawa wa barabara, hakuna jukwaa la kupakulia. Kwahiyo kila mfuko unashushwa kwa bega la mtu. Saruji kilo 50. Gunia la mahindi kilo 100, na likiwa lumbesa linazidi hapo. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la 1967, linasema pale ambapo mwanaume mzima anabebeshwa zaidi ya kilo 55 hatua zichukuliwe kupunguza haraka iwezekanavyo. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, kwenye fomula yao ya uzito wa kunyanyua kwa mikono iliyorekebishwa 1991 wanaanza na kilo 23, tena hiyo ni hali nzuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, hujipindi, na kila kinachoharibika kati ya hivyo namba inashuka. Mzigo ukiwa chini miguuni inashuka. Ukiwa mbali na kifua inashuka. Ukijigeuza kiuno inashuka. Mpagazi wa kwetu anafanya vyote vitatu kwa pamoja kwenye mzigo mara nne ya huo, na akifika miaka 40 anatembea kwa kushika mgongo na hakuna anayeuliza ni mzigo wa nani uliomfanya hivyo.

Meza ya mkasi pembeni ya lori, inapanda hadi usawa wa sakafu ya kontena, unaweka kipande cha bati kuziba pengo, jeki ya paleti inaingia ndani inachukua paleti zima inarudi mezani, inashuka, inaondoka. Mzigo usio na paleti bado unabebwa kwa mkono ila kwa kusogeza na kuburuza, sio kwa kupanda na kushuka. Ni tofauti kubwa sana kwa mwili.

Ndani ya ghala ni hivyo hivyo. Maboksi yanapangwa kwenye paleti, la kwanza liko chini unainama mpaka sakafuni, la mwisho liko usawa wa uso. Ukiliweka paleti juu ya meza unashusha kila unapomaliza safu, mikono inabaki kiunoni asubuhi mpaka jioni. Kuna aina isiyo na mota wala mafuta kabisa, ina springi tu, ukiongeza mzigo inazama yenyewe kidogo kidogo, ukipunguza inapanda yenyewe, kwahiyo safu ya juu inakuwa pale pale kila wakati. Kwangu hiyo ndo aina nzuri kuliko zote kwa sehemu zenye umeme wa wasiwasi, shida yake moja springi zinapangwa kwa uzito fulani, ukileta mzigo mwepesi sana hauzami.

Mafundi wa fanicha, wa Keko na kwingine, hii iwahusu. Marine bodi ya futi 8 kwa 4 ya milimita 18 ina kilo 30 hivi, na kwenye kukata wanasimama watu wawili kuinyanyua kutoka sakafuni kwenda kwenye mashine, kila bodi. Ukiwa na meza ya pedali, bodi zote zimelazwa juu yake, unaikanyaga mpaka bodi ya juu iko usawa wa meza ya msumeno, unaisukuma inateleza yenyewe. Mtu mmoja. Viwanda vya kuchapisha wanafanya hivyo hivyo na rimu kubwa za karatasi.

Uwanja wa ndege utaiona kwa ukubwa. Ukikaa dirishani kwenye ndege tazama lori la chakula, lile boksi lote linapanda kwa mkasi mpaka mlangoni. Na kwa mizigo, pale Nairobi maua yanapopakiwa kwenda Ulaya, kwenye ndege kubwa za mizigo mlango wa sakafu kuu uko karibu mita 5 juu, paleti lote la maua linapandishwa kwenye jukwaa la mkasi lenye rola za kuzungushwa na mota, likifika juu rola zinalisukuma ndani bila mtu kulibeba.

Usalama sasa. Mnakumbuka pini zote upande mmoja, rola upande mwingine? Meza ikipanda rola zinakimbilia kwenye pini. Kwenye mfano wetu wa mikono ya mita 1.5, kutoka nyuzi 10 mpaka 45 rola zimesogea sentimita 42 ndani, maana yake ule upande wa rola una sentimita 42 za jukwaa ambazo chini yake hakuna kitu, zinaning'inia. Ukiingiza jeki ya paleti yenye tani kwa upande huo meza ikiwa juu, inataka kuinamia huko, pini zinavutwa, mikono inapinda, na kama fremu haikufungwa kwa bolti inaweza kuinuka yote. Kwahiyo ingizia mzigo upande wa pini, na mzigo mzito ukae katikati, maana ule uzito ulioandikwa kwenye kibati ni wa mzigo uliotawanywa jukwaa zima, sio uliorundikwa kona moja.

La pili, usiingize mkono wala kichwa chini ya meza iliyopanda bila kuweka nondo ya kuzuia. Kila meza ya maana ina chuma chake maalum cha kukaa kwenye reli mbele ya rola ili isiweze kurudi, wengi wanakitoa wanakitupa stoo. Valvu inaweza kushika miaka 5 halafu ikaachia siku hiyo. Na ukingo wa jukwaa uwe na ule mkanda wa kuhisi, ukigusa mguu wa mtu wakati wa kushuka meza inasimama yenyewe, kama umeharibika usiunganishe waya kuuruka.

La tatu ni dogo ila limenisumbua. Ghala moja niliitwa, meza inapanda kwa kudundadunda, wameshabadilisha sili mara mbili na mafuta mara moja, pampu inalaumiwa. Nikalala chini na tochi. Kwenye reli ya rola kulikuwa na unga wa ngano uliolowana kipindi cha masika ukakauka, umekuwa mgumu kama saruji, na ndani yake punje za mahindi. Kila rola ikifika hapo inapanda kilima na kushuka. Tulikwangua kwa patasi na brashi ya waya nusu saa, ikapanda laini. Na lile shimo ambalo meza ilikaa halikuwa na njia ya kutolea maji, kwahiyo kila mvua ikinyesha fremu inaoga, hilo nalo waliambiwa.

Ukienda kununua, hasa iliyotumika kutoka nje, pima kwanza vitu vyako: sakafu ya lori lako iko juu kiasi gani, paleti lako zito kuliko yote lina kilo ngapi, umeme wako ni fezi moja au tatu. Alafu mwambie muuzaji aipakie mzigo kamili, sio tupu, maana tupu zote zinapanda. Isikilize ikianza kunyanyuka kutoka chini kabisa, hapo ndo silinda, pampu na pini zinasema ukweli wao. Ipandishe nusu, chora mstari wa chaki ukutani usawa wa ukingo wa jukwaa, zima kila kitu, nenda kanywe chai, usiwe na haraka. Ukirudi angalia chaki. Ukingo ukiwa umeshuka chini ya mstari, kuna valvu au sili inayovujisha, na hiyo muuzaji airekebishe yeye kabla hujatoa hela.